Kosa la Karama: Kuisoma Kusadikika pamoja na wanafalsafa wa China

Kila aliyesoma Kusadikika anakumbuka inavyoisha. Karama anasimama mbele ya mfalme na baraza lake kwa siku sita, anasimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita za ulimwengu, na mwishowe anashinda kesi. Waziri Majivuno anaaibika. Wajumbe waliofungwa kwa sababu walirudi nyumbani na mawazo mapya wanafunguliwa. Msomaji anafunga kitabu roho imetulia: kumbe mfalme alikuwa mtu mwema, tatizo lilikuwa wale waliomzunguka.

Mwisho huo unanisumbua, na nataka kueleza kwa nini. Shaaban Robert hakushindwa kuandika. Ni sisi wasomaji tuliousifu mwisho mpaka tukasahau mwanzo. Muulize mtu yeyote aliyekisoma kitabu hiki sekondari dhamira zake ni zipi, atakutajia haki, uongozi mbaya, ukombozi. Atakupangia wahusika kwa sifa zao, mmoja mmoja, maana hivyo ndivyo tulivyofundishwa kujibu mtihani. Kisha muulize: hivi Karama alishtakiwa kwa kosa gani hasa? Wengi hukwama hapo.

Alishtakiwa kwa kufundisha watu sheria. Hakuiba, hakuua, hakutaka kiti cha mfalme. Alitaka raia wa kawaida wa Kusadikika wawe na elimu ya uanasheria, waweze kujitetea na kuteteana. Kwa Majivuno hilo lilikuwa uasi mkubwa kuliko wizi. Na nadhani Majivuno alielewa kitu ambacho sisi wasomaji hatujakielewa bado.

Mimi mwenyewe nimekiona vizuri baada ya kuzunguka njia ndefu kidogo, njia ya China.

Hapa Daraja Mbili tupo watu wanne tunaokutana Jumapili jioni kusoma, kwenye chumba cha nyuma cha fundi cherehani. Kwa miezi kadhaa tumekuwa tukisoma wanafalsafa wa China ya kale kwa tafsiri za Kiingereza. Sababu haikuwa ya kisomi sana. Mdogo wetu, chalii wa Sombetini anayeuza vipuri vya pikipiki, ndiye aliyeanza: "Sasa jamani, hawa watu tunanunua kwao kila kitu, kuanzia cheni mpaka sufuria. Mawazo yao mbona hatununui?" Tukacheka, tukaanza.

Kitu cha kwanza kilichotushangaza ni kwamba wanafalsafa wale karibu wote walikuwa na swali moja, na ndilo swali la Kusadikika: mtu mwenye akili afanye nini mbele ya mtawala asiyesikia? Confucius (551–479 K.K.) alitembea kutoka dola moja hadi nyingine kwa zaidi ya miaka kumi akitafuta mtawala wa kumsikiliza. Hakumpata, akarudi kwao Lu kufundisha. Mencius, aliyekuja karne ya 4 K.K., alikuwa na mdomo mkali zaidi. Mfalme wa Liang alipomkaribisha kwa kumuuliza amemletea faida gani, Mencius alimwambia usoni kwamba mfalme anayeanza na faida anaiharibu nchi yake. Aanze na utu na uadilifu. Alifundisha kwamba wananchi wanatangulia na mfalme anakuja mwisho. Tena akasema mtawala anayeonea watu hupoteza idhini ya Mbingu. Akipinduliwa na kuuawa, aliyeuawa si mfalme tena, ni mtu tu.

Mzee wetu, mwalimu mstaafu wa sekondari, aliposikia hayo akapiga goti. "Huyu angefaa kukaa kwenye kikao cha Kaloleni mwaka sitini na saba!"

Na kweli, maneno ni mazito hata leo. Lakini hebu tazama alichokuwa nacho Mencius mkononi. Alikuwa na ulimi wake, basi. Mfalme akisikia, vizuri. Asiposikia, Mencius anafunga mizigo anahamia dola ya jirani. Mkulima wa Liang hakuwa na dola ya kuhamia, wala hakuwa na mahali pa kwenda kusema: mfalme huyu amepoteza idhini, hii hapa hati yangu ya mashtaka. Mbingu haikuwa na masjala ya kupokea mafaili.

Kundi jingine likaja na jibu tofauti: tuache kutegemea wema wa mtu, tutegemee sheria. Shang Yang alipewa nafasi hiyo katika dola ya Qin, katikati ya karne hiyohiyo ya 4 K.K. Akaweka sheria kali, zilizoandikwa, za kumhusu mkubwa na mdogo. Mrithi wa kiti cha ufalme alipovunja sheria, Shang Yang hakunyamaza. Ila mfalme mtarajiwa haguswi, kwa hiyo wakaadhibiwa walezi na walimu wake badala yake. Ufa ulianzia hapo. Mtawala alipofariki mwaka 338 K.K., kijana yule akakalia kiti, na Shang Yang akageuka mtu wa kusakwa. Inasimuliwa kwamba katika kukimbia kwake alifika kwenye nyumba ya wageni akaomba kulala. Mwenye nyumba akakataa: sheria za Bwana Shang zinakataza kumpokea mgeni asiye na kitambulisho. Hakujua anaongea na nani. Shang Yang akakamatwa, akauawa.

Fundi wetu alisikiliza kisa hiki huku akipiga pasi suruali ya mteja, kisha akasema, "Alishona sare ya nchi nzima akasahau kumpima bosi." Sijasoma uhakiki mzuri zaidi wa Shang Yang. Sheria yake ilikuwa kweli kwa wote, isipokuwa mmoja. Na huyo mmoja ndiye aliyekuja kumuua. Dola ya Qin yenyewe iliendelea na njia hiyo, ikaiunganisha China mwaka 221 K.K., ikaamuru vitabu vichomwe mwaka 213 K.K., na miaka michache baadaye ikaanguka.

Aliyetuachia kisa cha nyumba ya wageni ni mwanahistoria Sima Qian, na habari yake yeye ndiyo iliyonirudisha kwa Karama. Karibu na mwaka 99 K.K. jemadari mmoja, Li Ling, alizidiwa nguvu vitani akajisalimisha kwa adui. Wakubwa wote wa baraza wakamlaani. Sima Qian akasimama mbele ya Mfalme Wu wa utawala wa Han, akamtetea. Alisema alichoamini ni kweli, kwa adabu, mahali panapostahili. Hukumu yake ilikuwa kuhasiwa. Watu wa hadhi yake walitarajiwa kujiua kuliko kupokea fedheha ile. Yeye aliipokea, akaishi nayo, kwa sababu alikuwa hajamaliza kitabu chake cha historia. Akakimaliza.

Huyo ni Karama wa kweli, Karama ambaye hakuna mwandishi aliyemwandikia mwisho mwema. Ukimweka Sima Qian pembeni ya Karama, unauona mwisho wa Kusadikika kwa jicho jingine. Kwa nini Karama alipona? Kwa sababu mfalme alikuwa na siku sita za kusikiliza, na kwa sababu Karama alikuwa fundi wa maneno. Angekuwa na kigugumizi je? Hili si swali la utani. Han Fei, mwanafalsafa mwingine wa sheria, alikuwa na kigugumizi. Aliandika sura nzima kuhusu ugumu wa kumshauri mtawala: jinsi ya kujua anapenda nini, anaogopa nini, wapi usimguse. Hakuna aliyeyajua mambo hayo kuliko yeye. Akafia gerezani Qin mwaka 233 K.K.

Basi tuirudie Kusadikika tukiwa na watu hawa pembeni. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini walikuwa wajumbe. Walisafiri, wakaona nchi nyingine zinavyoendeshwa, wakarudi na ushauri. Ni mpango wa Mencius kabisa: mletee mtawala hekima. Mara sita hekima ikaletwa, mara sita aliyeileta akafungwa. Shaaban Robert hakurudia kisa kimoja mara sita kwa kukosa visa. Alikuwa anatuonyesha kwamba ushauri peke yake haufanyi kazi, hata ukiwa mzuri, hata ukitoka mashariki, magharibi, mbinguni au ardhini. Baada ya wajumbe sita kufungwa, Karama akaja na kitu kingine kabisa. Hakwenda kumletea mfalme hekima. Aliwapelekea watu sheria.

Hapo ndipo Shaaban Robert anapowapita wote niliowataja. Mencius alimfundisha mfalme wema. Shang Yang alimpa mfalme sheria. Karama anataka sheria iwe mikononi mwa yule asiye na cheo. Mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyezaliwa 1909 Tanga, akichapisha kitabu 1951, miaka 10 kabla ya Uhuru, alilisema hilo kwa kuiweka nchi yake angani ili hapa chini asiulizwe maswali. Jambo la kusikitisha ni kwamba wazo hili kubwa linawekwa kwenye hati ya mashtaka, halafu kitabu kinaisha kwa namna inayolifunika. Karama anaachiwa kwa uamuzi wa mfalme. Haki imetoka palepale dhuluma ilipotoka, kwenye kiti kimoja. Kesho akikaa mwingine?

Mzee wetu hakukubaliana na mimi. "Mwanangu, unamdai mwandishi wa mwaka hamsini na moja kitu ambacho sisi wenyewe hatujakipata. Angemwacha Karama anyongwe, kitabu hicho nani angekifundisha? Na watoto wangejifunza nini, kwamba ukisema kweli unakufa?"

Nikamjibu, "Mwalimu, hapo umenibana." Na kweli alinibana. Tumaini nalo lina kazi yake. Watu walio chini ya mkoloni hawakuhitaji mtu wa kuwaambia kwamba wenye nguvu wanaumiza, walijua. Lakini tumaini linalosema "subirini mfalme asikie" ni tofauti na tumaini linalosema "jifunzeni". Kitabu kina yote mawili. Sisi tumechagua la kwanza kwa sababu ni jepesi.

Tena mwaka uleule wa 1951 kulikuwa na watu waliochagua la pili, na hawakuwa mbali na hapa ninapoandikia. Upande wa pili wa Mlima Meru, huko Engare Nanyuki, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwenye ardhi yao mwezi Novemba 1951 ili wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Wangeweza kumpelekea gavana ombi na kungoja moyo wake ulainike. Walifanya zaidi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, maana yake Mwingereza naye alikuwa na wa kumhoji. Wameru wakalisoma hilo vizuri, wakachangishana pesa, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, pamoja na wakili Earle Seaton, kuishtaki serikali mbele ya Umoja wa Mataifa.

Hawakurudishiwa ardhi yao kule New York. Tuseme ukweli huo, maana mimi ndiye ninayelalamikia miisho mitamu. Lakini tazama kilichobadilika. Wajumbe sita wa Kusadikika walileta habari zao barazani, na baraza likazifungia gerezani pamoja nao. Kirilo Japhet alitumwa na watu, aliporudi akawarudia watu, akazunguka kuwaeleza alichosema na alichojibiwa. Kesi ikashindwa, lakini watu waliokuwa hawajui kwamba serikali inaweza kushtakiwa sasa wakajua. Uanasheria aliotaka Karama ulionekana hivyo kwa macho. Mwaka 1967 Japhet na Seaton walichapisha kitabu kuhusu kesi hiyo ya ardhi ya Meru, na laiti ningekuwa mtunga mitaala ningekiweka dawati moja na Kusadikika.

Mwaka huohuo wa 1967 ndipo kikao alichokitaja mzee wetu kilipofanyika. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Kaloleni kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Jengo lile leo ni makumbusho, ukitoka kwetu Daraja Mbili hata kwa miguu unafika. Nimelisoma Azimio mara nyingi kama ninavyosoma kazi ya fasihi, na neno linalonisimamisha kila mara ni "miiko". Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Ni masharti ambayo Mencius angeyapigia makofi: usianze na faida.

Lakini kwa nini yaliitwa miiko? Mwiko ni neno la nyumbani. Anayevunja mwiko huogopa mizimu au huona aibu mbele ya wazee; hapelekwi kwa hakimu na jirani yake. Mwiko unashika pale tu anayefungwa nao anapouheshimu. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1991, Zanzibar, Halmashauri Kuu ya CCM ililegeza masharti yaleyale. Waliofungwa na miiko ndio walioifungua. Mkulima aliyeahidiwa kwamba viongozi wake hawatageuka matajiri juu ya mgongo wake hakuwa na mahali pa kukata rufaa. Simlaumu Mwalimu kwa nia. Nia yake kwenye maandishi yale inaonekana wazi. Nasema tu kwamba tulikuwa na mtawala mwema, tukamwachia wema wake ufanye kazi ya sheria. Wema huo ulipong'atuka, tulibaki na makumbusho.

Na leo? Arusha hiihii ndiyo makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi nchini akidai Mtanzania aruhusiwe kugombea uongozi bila kupitia chama. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Katiba ikabadilishwa ili kuuzuia ushindi wake. Akarudi, akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la kisiasa, liachiwe Bunge. Akaja hapa Arusha, na Juni 2013 mahakama hii ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki zake. Alifariki 2015 bila kumwona mgombea binafsi hata mmoja kwenye karatasi ya kura, na mpaka sasa hayupo. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa linamruhusu raia mmoja mmoja na asasi za kiraia kuipeleka nchi moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Mtu anaweza kupenda au kutopenda siasa za Mtikila. Alikuwa mtu wa kugombana, na huyu naandika si kwa kumfagilia. Ninachokiona ni mtindo wa Kusadikika. Serikali haikumfunga mdomo kwa sababu ya kesi ile, alisema alichotaka. Kilichofungwa ni mlango ambao aliupitia, ili mwingine asiupite. Majivuno angeelewa mara moja.

Mdogo wetu wa vipuri aliuliza swali ambalo bado sijalijibu vizuri: "Sasa kaka, kama Japhet hakurudishiwa ardhi na Mtikila hakupata mgombea binafsi, si bora hata mfalme mwenye huruma?" Nimelifikiria sana. Jibu nililonalo ni hili: huruma ya mfalme ilimwokoa Karama na wajumbe waliofungwa, na hadithi ikaishia hapo. Hatuambiwi kama shule yake ya uanasheria ilifunguliwa mitaani. Japhet na Mtikila walishindwa, lakini kila mmoja aliacha nyuma yake hatua zilizoandikwa, unaziona, unaweza kuzifuata au kuzirekebisha. Mtu akipokonywa shamba leo anaweza kuanzia pale Wameru walipoishia. Hawezi kuanzia kwenye huruma ya mfalme wa angani.

Kwa hiyo kwa walimu wanaofundisha kitabu hiki nina ombi dogo. Mkifika mwisho, msiulize tu mfalme ana sifa gani. Rudini kwenye mashtaka, wasomeni wanafunzi wenu kosa la Karama kwa sauti, halafu waulizeni: kosa hili lingefundishwa hapa mtaani kwetu, nani angekuwa mwalimu, na nani angekuja kulifunga darasa? Mzee wetu anasema angelijaribu swali hilo kama asingekuwa amestaafu. Fundi anasema chumba chake kipo, Jumapili.